Anko wa Gemu anajibu: ile ya zamani mbona haikutoki kichwani?

Toleo lililopita niliuliza swali moja tu, gemu gani imekuganda kichwani mpaka leo na kwa nini, nikadhani nitapata vimeseji vya vijana wa PS5 wanaotaka kutambiana. Aisee. Meseji zimemiminika na wengi wenu mnaongelea gemu zenye umri mkubwa kuliko simu mnazonitumia hizo meseji. Nimechagua chache, zingine nimezikata maana kuna ndugu mmoja kaniandikia insha nzima kuhusu Contra (nakupenda ndugu yangu ila nafasi ni hii hii). Twende.

Anko shikamoo. Mimi fundi simu hapa Kariakoo. Kwenye simu yangu nina gemu za mpira, za magari, za vita, zote kali, lakini nikikaa namsubiri mteja nachotamani ni ile ya nyoka ya Nokia ya tochi. Nazeeka au kuna kitu?
*Fundi, Kariakoo*

Marahaba. Huzeeki bwana, kuna kitu.

Yule nyoka aliandikwa na Mfini mmoja anaitwa Taneli Armanto, akaingia sokoni ndani ya Nokia 6110 mwaka 1997. Kioo cha simu ile kilikuwa na vidoti 84 kwa 48, basi, yaani kialama kimoja tu cha WhatsApp kwenye simu yako ya leo kina vidoti vingi kuliko simu ile nzima. Wazo lenyewe wala halikuwa jipya, Marekani walikuwa na mashine za sarafu za mchezo wa namna hiyo tangu 1976. Ila Nokia ndio waliliweka mfukoni kwa kila mtu, na hiyo ya tochi unayoisema, 1100, ilitoka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 250 dunia nzima, ndio maana hata bibi yako nyoka anamjua.

Sasa angalia inavyokuua. Zaidi ya ukuta hakuna adui humo ndani, hakuna bosi wa mwisho, hakuna jini. Kinachokuua ni mkia wako, na huo mkia umeurefusha mwenyewe kwa kula. Kila ukifanya vizuri unajibana zaidi, na ukifa unajua kabisa ni pale ulipokata kona mapema kwa tamaa, huna wa kumsingizia, sio mtandao, sio pedi mbovu, sio mtoto kapita mbele ya tivii. Gemu nyingi za simu sasa hivi ukifa zinakuletea tangazo halafu zinakuuzia uhai. Nyoka alikuwa anakuachia aibu yako tu uondoke nayo.

Halafu simu ilikuwa ya baba. Alama ya juu kabisa ilikuwa moja nyumba nzima, na mtu akiivunja usiku mmelala, asubuhi kila mtu anahojiwa.

By the way walionunua Nokia 3310 watakumbuka humo kulikuwa na Bantumi, kabao kadogo ka mashimo sita sita kila upande. Mbele ya bao letu la mashimo 32 kale ni katoto ka chekechea, ila nilikapenda.

Mambo Anko. Sisi Temeke tulicheza sana ile gemu ya mpira, Winning Eleven ya Kijapani, hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja ila kila mtu alijua pa kubadilisha kikosi, fomesheni, kusevu, kila kitu. Leo mdogo wangu ana gemu ya mpira yenye majina yote na viwanja vyote mpaka jasho linaonekana, nikicheza nae nasinzia. Ile ilikuwa na nini?
*Namba tisa, Temeke*

Poa kabisa namba tisa. Barua za Winning Eleven peke yake zingejaza gazeti zima na tungebakiza.

Konami wa Japani walianza nayo 1995 kwa timu za ligi yao ya kwao, baadae ikawa ya dunia nzima, na Ulaya kuanzia 2001 ikajulikana kama Pro Evolution Soccer, yaani PES. Aliyeiongoza miaka ile ya utamu ni Shingo Takatsuka, mashabiki wanamuita Seabass. Huku kwetu tulipata CD za kuchoma kwenye PS (PlayStation) iliyochipiwa, yaani imetiwa chipu ikubali CD feki, na zile za Kijapani ndio zilikuwa zinawahi kutoka, kwa hiyo tukajifunza menyu kwa vidole, chini mara tatu, duara, kulia, duara, ukimuuliza mtu imeandikwa nini pale anakujibu "kikosi" bila wasiwasi kama vile kazaliwa Osaka.

Shida yao kubwa ilikuwa leseni. Majina mengi ya klabu na wachezaji hawakuwa na ruhusa nayo, washindani wao wa gemu ya FIFA ndio walikuwa wamejipanga huko, so wakawa wanapindapinda. Roberto Carlos akawa Roberto Larcos. Kutegemea na toleo Man United wakaitwa Man Red, Liverpool wakawa Merseyside Red, Chelsea wakawa London FC. Mtu anakaa jioni nzima kwenye edit, menyu ya kubadilisha majina, anarekebisha jina moja moja, anasevu kwenye memori kadi, na ile memori kadi ya PS2 ya MB 8 ikipotea au mtu akafuta mtaa unanuna. Mdogo wako majina anayakuta yamepangwa. Wewe uliyaandika kwa pedi, herufi moja baada ya nyingine, utayasahau vipi?

Na Master League, ile sehemu ya kuongoza timu yako msimu hadi msimu, ndio usiseme. Unaanza na kikosi cha watu ambao hawajawahi kuzaliwa popote duniani, Ivarov golini, Minanda katikati, Ximelez, Espimas, Castolo mbele, wote wa kawaida sana, mnapigwa tano mechi ya kwanza. Pole pole unakusanya pointi, unanunua mtu mmoja wa maana, unapanda daraja, na inafika siku unatakiwa umuuze Castolo maana umri umeenda na hakimbii tena. Nina rafiki yangu, baba wa familia saa hizi, alikataa kumuuza. Alimbakiza benchi misimu yote analipwa mshahara wa bure. Mchezaji ambaye hayupo! Washambuliaji wa kweli wa msimu uleule rafiki yangu hawakumbuki.

Kuna na ile PES 6 ya mwaka 2006, Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto, unapiga kutoka katikati ya uwanja kipa anaangalia tu. Kibanda tulichokuwa tunacheza sisi Inter ilipigwa marufuku kwa kauli moja, na hiyo sheria ilisimamiwa vizuri kuliko sheria nyingi ninazozijua.

Ila sitaki kukudanganya, kimpira gemu za sasa ni bora, wachezaji wana akili, miili ina uzito, kipa hafanyi miujiza ya kijinga. Kinachokusinzisha ni kwamba hamna kitu unapoteza. Kibandani ulilipia, anayefungwa anapisha, na nyuma yako kuna watu kumi wanasubiri ufungwe ili wakae wao, wanakuhesabia dakika, wanakushauri vibaya makusudi. Dogo akifungwa sebuleni anabonyeza kuanza upya. Fanya hivi, mpeleke sehemu ambayo akifungwa anasimama, halafu uone kama utasinzia.

Salamu kaka kutoka Likoni. Nilikuwa nacheza Metal Gear Solid kwa PS1, CD tulinunua town imetiwa kwa nailoni tu. Ikafika mahali naambiwa namba ya kumpigia yule dada iko nyuma ya kasha la CD. Kasha gani sasa? Tulizungusha namba moja moja mpaka usiku. Ile ilikuwa hitilafu ama ndivyo walivyopanga?
*Mdau wa ferry, Likoni*

Walipanga kaka, walipanga kabisa. Hiyo ni kazi ya Hideo Kojima, mwaka 1998. Namba ya Meryl ni 140.15 na kweli ilikuwa nyuma ya kasha halisi la dukani, kwenye kapicha kadogo ka mazungumzo yao ya redio. Cha kuchekesha hata wenye kasha wengi walikwama, maana ndani ya gemu yule mzee Baker anakuwa ameshakupa diski, watu wakawa wanaihangaikia ile diski, wanaigeuza, wanaitumia kila mlango, kumbe jibu liko mezani pembeni ya soda. Sisi wa nailoni tukalipia uharamia wetu kwa kuzungusha namba usiku kucha, na nadhani ni adhabu ya haki.

Halafu kama ulifika kwa Psycho Mantis, yule adui anayesoma akili, utakumbuka. Yule jamaa anasoma memori kadi yako, akikuta umesevu gemu zingine za Konami anakutajia jina kwa jina. Anakwambia uweke pedi chini sakafuni anaitingisha kwa "nguvu zake". Ukianza kupigana nae kila unachofanya anakijua kabla, humgusi, mpaka uchomoe pedi tundu la kwanza uichomeke la pili, hapo ndio anashindwa kukusoma. Mtoto wa miaka 14, umeme wa shida, peke yako ukumbini, tivii inakwambia inajua ulicheza nini juzi! Hicho kitu kinafanya kazi mara moja tu kwa kila mtu, na hakiwezekani tena siku hizi kwa sababu pedi hazina waya na memori kadi hazipo, na hata hivyo mtandaoni utakuwa umeshasimuliwa kabla hujaifungua.

Anko, kaka yangu anachukua Eddy kwenye gemu ya ngumi ya Tekken 3, anabonyeza hovyo, ananipiga. Ni haki?
*Dada wa Arusha, miaka 31 na bado nina hasira*

Sio haki ila ni halali dada yangu. Eddy Gordo anapigana capoeira, mapigano ya Kibrazili yanayofanana na ngoma, miondoko yake ilirekodiwa kutoka kwa mwalimu wa kweli wa mchezo huo, Marcelo Pereira, ndio maana teke moja linaingia kwenye lingine bila kukatika na mtu akigandamiza X na duara kama anatwanga kisamvu bado anaonekana fundi. Usimfuate. Rudi nyuma, kinga za chini, muache amalize mizunguko yake umpige anapoinuka. Na siku akikwambia leo simchukui Eddy halafu akakuletea Tiger Jackson yule wa afro, usishangilie, ni Eddy yule yule kabadilisha nguo.

Habari Anko. Mimi ni mama wa watoto wawili, Dodoma. Kijana wangu ana miaka 12 anataka GTA San Andreas kwenye simu. Baba yake anasema hata yeye aliicheza na hajawa jambazi. Mimi naona ni matusi na bunduki tu. Kuna nini humo mpaka mtu mzima anaiongelea hivyo?
*Mama wawili, Dodoma*

Salama mama. Nianze na kijana, jibu ni hapana. Ulaya imewekwa umri wa miaka 18, na Marekani mwaka 2005 waliipandisha mpaka daraja la watu wazima tu baada ya kugundulika ndani yake kuna kipande cha ngono kilichofichwa. Mwambie baba yake nimesema mimi.

Sasa tuje kwa baba. Ile gemu ilitoka 2004 kwenye PS2, hadithi yake ni ya mwaka 1992, kijana anaitwa CJ anarudi nyumbani kumzika mama yake anakuta mtaa umeharibika. Ina bunduki ndio, ina matusi sana. Lakini muulize mumeo vizuri anakumbuka nini, nina uhakika hataanza na bunduki. Atakwambia kuhusu misheni ya treni, ambapo unaendesha pikipiki na Big Smoke kakaa nyuma anatakiwa kuwapiga watu walio juu ya treni, hawapigi, halafu misheni ikifeli anakulaumu wewe dereva. Kuna watu walikwama hapo likizo nzima. (Siri: usiikumbatie treni, kaa mbali kidogo upande wa kulia.) Atakwambia CJ akila sana ananenepa unampeleka jim. Atakutajia HESOYAM, neno la siri la kwenye kompyuta, ukiliandika unapata afya, kinga na dola 250,000, lilikuwa limeandikwa nyuma ya madaftari ya hesabu shule nzima na mwalimu akidhani ni fomula.

Na atakwambia alikuwa anaiba gari, anachagua stesheni ya redio, anaendesha tu kutoka mji mpaka mji, jua linazama, hafanyi misheni yoyote. Kijana wa Kitanzania ambaye nauli ya kwenda mkoa wa pili ilikuwa shida, anaendesha mpaka gari iishe barabara. Hiyo ndio anaitafuta mumeo. Mpe tu aicheze mwenyewe watoto wakilala, kijana mtafutie gemu ya mbio za magari na mtakuwa mmepatana.

Anko, nasoma IT mwaka wa pili, Mbeya, nataka kutengeneza gemu. Kompyuta yangu RAM ni 4 GB, nikigusa 3D inaganda. Washkaji wananicheka, wanasema gemu isiyo na grafiksi kali hakuna atakayeikumbuka. Niache?
*Msanifu mtarajiwa, Mbeya*

Usithubutu. Na hawa washkaji wako nipe nafasi niongee nao maana wameshika kitu kinyume kabisa.

Mimi naamini hivi, vitu vingi vinavyokumbukwa kwenye gemu vilizaliwa kwa sababu mashine haikutosha. Space Invaders, 1978, kampuni ya Taito. Tomohiro Nishikado aliweka maadui 55 kwenye kioo na ile prosesa ikawa inahangaika kuwachora wote, wanatembea taratibu kama wamechoka. Ukiwaua wakapungua mashine inapumua, inachora haraka, kwa hiyo waliobaki wanaongeza mwendo, na wa mwisho anakimbia kama mwizi. Hakuwa amepanga. Aliona, akaona inanoga, akaiacha. Gemu zote unazozijua zinazokuongezea presha kadri unavyokaribia kushinda zina deni kwa ile prosesa dhaifu.

Super Mario Bros, 1985, gemu yote ni KB 40. Picha moja ya selfi kwenye simu yako ni kubwa mara hamsini na zaidi. Wakina Shigeru Miyamoto walioitengeneza nafasi ilikuwa haipo, ndio maana mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro uleule mmoja, kimoja cheupe kingine kijani. Kaangalie, ukishaona hutoweza kuacha kuona. Na hawakuwa na nafasi ya kukufundisha kwa maneno, kwa hiyo steji ya kwanza yenyewe ndio mwalimu. Unaanza kushoto, huna pa kwenda ila kulia, anakuja kale kauyoga kenye hasira, ukikagusa unakufa, sekunde chache tu umeanza upya, umeshaelewa kuruka. Hakuna aliyesoma kitabu cha maelekezo kwenye zile kaseti zetu za gemu tisini na tisa elfu ndani ya moja (ambazo zote tulijua ni saba zinajirudia), na Mario tulimjua wote.

Silent Hill, 1999, PS1. Mashine haikuweza kuchora mji mzima wakaweka ukungu. Ukungu ukawa ndio gemu yenyewe, watu waliogopa ambacho hawakioni kuliko walichokiona.

Ushahidi mzuri kuliko yote ni San Andreas hiyo hiyo ya mume wa yule mama hapo juu. Mwaka 2021 ikaletwa upya imesafishwa, mashine mpya zina nguvu, ule utusitusi wa mbali haukuwekwa kama zamani. Ukipanda juu na ndege unaona mji, mlima, jangwa, kila kitu kwa mpigo mmoja, na unagundua nchi uliyodhani haina mwisho ni kama uwanja wa maonyesho wa sabasaba. Watu walilalamika sana mpaka marekebisho yakarudisha ukungu. Fikiria, watu wanadai ukungu!

Kwa hiyo RAM 4 GB ni nyingi, tena unajidekeza. Chukua Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure na ni nyepesi, baki kwenye 2D, picha bapa, tengeneza kitendo kimoja tu ambacho kukifanya kwenyewe kunanoga, kuruka, kukata, kusukuma, chochote. Usiweke hadithi kwanza. Halafu mpe dada yako au mtu yeyote asiyecheza gemu, ukae nyuma yake ufunge mdomo. Mdomo ufunge kweli. Pale atakapokwama ndio kazi yako ya kesho, na pale atakapocheka peke yake pahifadhi, usipaguse hata washkaji wakisema nini.

Anko asalaam aleikum. Hivi ipo gemu kubwa, ya kweli, sio app ya simu, inayozungumza Kiswahili? Naulizwa na wanangu nakosa jibu.
*Baba wa Mwanakwerekwe, Unguja*

Waaleikum salaam. Ipo. Inaitwa Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024 kwa PS5, Xbox mpya, Switch na kompyuta. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins kama wanao wanaijua. Alifiwa na baba yake akaamua kuiweka ile huzuni kwenye gemu. Zau ni mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nitakukamatia roho tatu kubwa zilizokukimbia, nirudishie Baba. Wanatembea pamoja safari yote, kijana mwenye hasira na mauti yenyewe, na mauti ndio mpole kati yao. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, unabadilisha kimoja na kingine katikati ya pambano na unavyobadilisha mapigo yanabadilika.

Ukiingia kwenye mipangilio unachagua sauti za Kiswahili, wahusika wanaongea Kiswahili mwanzo mwisho. Mimi niliiweka hivyo tangu mwanzo na sikutoa. Kupigana kwake ni kwa kawaida tu, kuna sehemu za kuruka zinaudhi, na sio ndefu, wiki moja ya jioni jioni umemaliza. Lakini yapo mazungumzo ya Zau na Kalunga wamekaa chini ya mbuyu wanaongelea marehemu ambayo nilisimamisha kucheza nikasikiliza, na sikumbuki gemu nyingine iliyonifanya hivyo. Angalia tu wanao wana mashine gani, PS4 haipo.

Kama wana kompyuta ya kawaida waonyeshe pia Aurion, ya Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, ya 2016. Haina Kiswahili ila mapigano yake yamechangamka.

Anko naomba unikumbushe jina. Shule yetu Mwanza ilikuwa na kompyuta chakavu, kuna gemu ya jamaa kavaa nguo nyeupe yuko gerezani anaruka mashimo yenye misumari, ana saa moja tu. Kuna mahali anatokea mtu kama kivuli chake na hapo sikuwahi kupita. Ningepitaje?
*Mwenye deni tangu fomu two, Mwanza*

Prince of Persia, 1989, kazi ya Jordan Mechner. Ule mwendo wa yule jamaa ulikuwa wa kweli mno kwa wakati ule kwa sababu alimrekodi mdogo wake kwa video, kamvalisha nguo nyeupe, anakimbia na kuruka, halafu akachora juu ya picha hizo moja moja.

Na hicho kivuli nacho ni mtoto wa shida, wewe wa Mbeya sikiliza na hapa. Memori ya kompyuta aliyokuwa anaitumia, Apple II, ilikuwa imejaa, hakuna nafasi ya kuchora adui mwingine. Akachukua mchoro wa shujaa mwenyewe akauvurugavuruga kwa hesabu ndogo ya kompyuta, akatoka mtu wa kivuli, bila kutumia nafasi mpya. Anatoka kwenye kioo pale unaporuka kukipenya, na kuanzia hapo anakuharibia maisha, anakunywea dawa yako, anakufungia mlango.

Ulikwama kwa sababu ulipigana nae. Ukimchoma unapungukiwa uhai wewe, ukimuua umekufa, maana yule ni wewe. Ukikutana nae mmesimama na mapanga, rudisha panga alani, nae atarudisha lake, halafu mkimbilie moja kwa moja bila kusimama. Mtaungana. Baada ya hapo mbele utaona pengo halina daraja, endelea kukimbia tu hivyo hivyo, njia itatokea chini ya miguu yako.